Mlimani Sirudi (Sehemu ya Saba: Gari Juu ya Mawe)

Kitasa kikazunguka, mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Ninyi mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua ni mlango upi. Wewe uliyelikuta gazeti limefungiwa misumari dukani, shika haya machache: Bi Brashi, mjane wa miaka sabini na ushee, mchora maandishi ya malori, ametoroka nyumbani kwa mwanawe na mkwewe kule mtaa wa Mlimani. Amepanda gari la mitungi ya gesi, amekaa katikati ya mitungi kama bidhaa, ameshuka mbele ya nyumba yake mwenyewe mtaa wa Karakana. Kachomeka ufunguo, ufunguo ukagoma. Ndani akasikia ndala zinaburutwa.

Sasa mlango uko wazi. Aliyesimama pale hakuwa mwizi, na heri angekuwa mwizi.

Alikuwa wifi yake.

Ndiyo, wifi! Dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa mtaa wa Ghorofani, aliyeingia Karakana siku ya harusi akiziba pua kwa leso na hakuiondoa leso hiyo mpaka siku ya mazishi. Leo kavaa ndala za Bi Brashi. Kajifunga aproni ya Bi Brashi, ile yenye madoa ya rangi. Mkononi kashika kikombe cha Bi Brashi, na chai inatoa moshi.

"We!" wakasema kwa pamoja.

Kila mmoja alimsubiri mwenzake aombe radhi, na wote wawili wangesubiri mpaka leo.

"Hizo ndala ni zangu," Bi Brashi akaanza.

"Nilizikuta hazina mtu."

"Na hiyo nyumba ni yangu."

"Nayo niliikuta haina mtu. Mwenyewe tuliambiwa kahamia Mlimani, kapewa kitanda kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza."

"Nani kakwambia?"

"Mwanao, nani mwingine? Ndiye aliyenipa ufunguo."

Bi Brashi akasukuma begi lake kwa mguu mpaka ndani ya kizingiti, kisha akaketi barazani penyewe. Hakutaka kuingia kwake kwa kukaribishwa.

"Si ulisema Ghorofani ndiko utakakofia?" akauliza.

"Lifti imekufa kabla yangu," wifi akajibu, naye akaketi. "Ghorofa ya nane, wifi. Nikishuka kununua chumvi, nikipanda nimeshasahau chumvi ya nini."

Kicheko kilimjia Bi Brashi, akakimeza. Hakuwa tayari kumchekea mtu aliyevaa ndala zake.

"Lakini usiudharau mtaa wangu," wifi akaendelea, kidole juu. "Ghorofani ukishuka tu, duka la dawa hilo, benki hiyo, daktari wa macho huyo. Taa hazizimiki. Jioni ukisimama dirishani unaona mji mzima umewaka, utadhani wamekuwashia wewe."

"Jirani yako anaitwa nani?"

"Yupi?"

"Wa mlango unaotazamana na wako. Miaka yote hiyo. Anaitwa nani?"

Wifi akakitazama kikombe.

"Ana viatu vya kahawia," akasema taratibu. "Huwa anaviacha nje."

Hapo Bi Brashi alicheka, akashindwa kabisa kujizuia, na wifi naye akacheka huku amekasirika. Kisha uso wake ukabadilika.

"Niliugua homa, wifi. Nililala siku nyingi sijui mchana wala usiku. Aliyebisha hodi alikuwa msoma mita, na alikuja kwa ajili ya mita."

Bi Brashi hakusema pole. Alichukua kikombe mkononi mwa wifi, akanywa funda moja, akakirudisha. Baina ya mawifi hao wawili, hiyo ilikuwa pole kubwa kuliko zote walizowahi kupeana.

"Na wewe je?" wifi akauliza. "Mlimani wanasema hata hewa ni ya kuchuja."

"Hewa ni nzuri, sitasema uongo kwa kuwa nina hasira. Hewa nzuri, maji hayakatiki, usiku kumetulia mpaka unasikia nywele zikiota. Maua yananyweshwa kwa mashine. Lakini pale mimi nilikuwa yai. Mama usiiname. Mama usishike. Mama jua kali. Niliomba ngazi na kopo la rangi niwaandikie jina la nyumba kwenye geti, wakaniletea televisheni."

"Televisheni kubwa?"

"Kubwa kama lori. Na haina pa kuandika."

Sauti ikanguruma juu ya vichwa vyao.

"Enyi akina mama, hapa ni njia au ni ukumbi wa harusi?"

Alikuwa Fundi Breki, jirani wa karakana inayofuata, jitu la miraba minne lililopoteza nusu ya masikio kwa kugonga vyuma. Begani kabeba gia boksi.

"Toa mguu huo, Bi Brashi, nitautua huu mzigo juu yake! Halafu umerudi lini? Uliondoka hukuaga, unarudi hubishi hodi, tabia gani hiyo kwa mtu mzima? Kuna lori linakusubiri hapo nyuma, mwenye lori amekataa mtu mwingine asiliguse. Mnh!"

Akapita bila kusubiri jibu.

Bi Brashi alibaki ameshika mguu wake. Macho yakamjaa machozi.

"Hana adabu hata chembe," wifi akasema.

"Umesikia lakini? Nimekaripiwa!" Bi Brashi akajifuta kwa kiganja. "Tangu nipelekwe Mlimani hakuna hata mmoja aliyenikaripia. Nilianza kudhani nimeshakufa na wananificha."

Alikuwa na furaha, tena furaha ya waziwazi. Aliisikia nyundo ya kwanza ya asubuhi, akasikia ya pili ikiijibu, akanusa ile rangi ya kupuliza inayomkohoza kila mtu mtaani na ambayo yeye aliikosa kama mtu anavyokosa usingizi. Alijua moshi ule si mzuri. Alijua maji ya mtaa ule yanakuja yakitaka. Pamoja na hayo yote, kulikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani: aishi katika nyumba hii, Karakana hii, mpaka atakapochoka mwenyewe.

"Sasa, wifi," akasema akijikongoja kusimama, "utalala chumba cha mbele. Cha uani ni changu, kina mwanga wa kuandikia."

Wifi hakusimama.

"Wifi, mwanao aliniambia nyumba hii ni yangu kukaa mpaka mwisho wangu."

"Kakwambia hivyo? Mimi kaniambia imefungwa, inanisubiri nipone."

Wakatazamana.

"Na jana," wifi akasema polepole, "walikuja watu wawili na utepe. Wakapima chumba, wakapima jiko, wakapima ua."

"Kupima ya nini?"

"Mimi nilidhani mapazia."

"Wifi," Bi Brashi akasema, "uani kuna dirisha gani la kuvalishwa pazia?"

Hawakupata muda wa kujibizana. Honi ililia mwanzoni mwa kichochoro. Gari jeupe, safi kama shati la mwanafunzi Jumatatu, lilikuwa likijipenyeza kati ya makopo ya rangi na matairi. Likasimama mbele ya baraza. Akashuka Meneja.

Meneja ndiye mwana wa pekee wa Bi Brashi. Meneja wa kampuni ya bima, Meneja kwa jirani, Meneja hata kwa mama yake, kwa kuwa siku alipopandishwa cheo aliwaomba wote wamwite hivyo kwa utani, na utani ukamganda. Leo hakuwa na utani. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama! Tumekutafuta hospitali mbili! Tumekutafuta mpaka polisi!"

"Mngenitafuta nyumbani mngenipata mapema."

"Nyumbani ni Mlimani."

"Kwako ni Mlimani."

"Shikamoo, shangazi," Meneja akasema bila kumtazama wifi, na wifi akaitikia bila kumtazama yeye. Kisha Meneja akainama kulichukua begi la mama yake pale kizingitini. Begi lilikuwa zito, lilikuwa na makopo. Mikono miwili ikahitajika. Meneja akaziweka funguo za gari juu ya paa la gari, akalinyanyua begi.

Hapo, wasomaji wangu, alifanya kosa, na lazima nisimame kidogo niwaeleze.

Karakana hakuna karatasi ya kupokea gari. Hakuna kengele, hakuna binti wa mapokezi. Mwenye gari anafika, anasimamisha, anaweka funguo juu ya paa. Basi. Funguo juu ya paa maana yake ni: gari hili ni lenu, lifungueni. Hata mtoto wa Karakana anayetambaa anajua hilo. Jambo la pili: mtaa ule hauingilii ugomvi wa mama na mwana. Watu wanakaa pembeni na kuendelea na kazi zao. Kwa hiyo Fundi Breki alipotupa jicho akaona funguo juu ya paa, na akaona mwenye gari anagombana na mzazi wake, alifanya heshima zote mbili. Hakuuliza neno. Akamkonyeza mwenzake alete jeki.

"Rudisha begi langu," Bi Brashi alikuwa akisema wakati huo.

"Mama, ingia garini tuzungumze."

"Mdomo wangu unafanya kazi hata nje ya gari."

"Mama, huu si mtaa wa mtu mwenye nyonga iliyovunjika! Umesahau ulipoanguka? Mimi sijasahau. Gari la wagonjwa lilishindwa kuingia hapa. Lilikwama pale mwanzoni! Walikubeba juu ya mlango, mama. Wameng'oa mlango wa choo, wamekulaza juu yake kama mzigo, wamekukimbiza mpaka barabarani!"

Sauti yake ilikatika. Bi Brashi akaona kwamba mwanawe anaogopa, na kwamba hofu hiyo ni ya kweli. Hilo lilimuuma. Halikumrudisha nyuma hata hatua moja.

"Ndiyo, walinibeba," akasema. "Huku mmoja ameshika kichwa changu kisigonge. Sasa wewe niambie, nikianguka kule kwako wakati uko kazini, nani atanibeba? Mbwa?"

Pembeni, fundi mmoja aliangusha spana kwa kicheko, akaiokota haraka na kujifanya anakohoa.

"Kuna mlinzi," Meneja akasema.

"Mlinzi hajui hata jina langu. Husema 'mzigo wa bosi umeamka'. Nimemsikia."

"Mlimani kuna usalama, kuna hewa, kuna bustani. Watu wanahangaika maisha yao yote wapate kuishi kule!"

"Nao waje waishi. Nafasi yangu nawaachia."

"Na Ghorofani? Kama hutaki Mlimani, nikupangishie Ghorofani, karibu na hospitali!"

"Mpeleke mwingine," wifi akadakia. "Na umbebe mwenyewe mpaka juu."

"Shangazi, tafadhali, haya ni mambo ya mtu na mama yake."

"Ya mtu na mama yake? Basi na mimi nina langu la mtu na shangazi yake. Wale wenye utepe jana walikuwa nani?"

Meneja akaliweka begi chini.

Bi Brashi akaelewa kila kitu. Hata hivyo alitaka kulisikia neno lenyewe litoke kinywani mwa aliyemzaa.

"Sema," akamwambia.

"Nimeiuza, mama."

Wifi akapiga yowe. Bi Brashi hakupiga yowe. Alisogea hatua moja mbele, mpaka kichwa chake kikawa chini ya kidevu cha mwanawe.

"Umeuza nyumba ya baba yako."

"Baba aliiandika kwa jina langu. Na niliiuza kwa sababu najua nyumba hii ikiwepo hutatulia. Kila siku utakuwa unatoroka Mlimani. Nikasema, pakikosekana pa kurudi, atakaa. Atakasirika, halafu atakaa, halafu ataishi miaka mingi. Ndiyo hesabu yangu, mama. Nichukie, lakini uwe hai."

"Umeiuza na mimi nikiwa ndani!" wifi akafoka. "Ukanidanganya eti ni yangu kukaa mpaka mwisho wangu!"

"Shangazi, ningekutafutia mahali..."

"Ghorofa ya tisa!"

"Nyamaza kidogo, wifi," Bi Brashi akasema. Akamgeukia mwanawe. "Baba yako aliiandika kwa jina lako ili usije ukakosa kwenu duniani. Hakujua utaitumia kunikosesha mimi kwangu. Sasa nisikilize vizuri. Umeuza kuta. Mimi sikuwa ukutani. Huyo mnunuzi wako akija atanikuta barazani, akijenga atanijengea pembeni, akibomoa atanibomoa nikiwa nimekaa. Mlimani sirudi. Si leo, si kesho, si nikiwa ndani ya sanduku. Mkinizika kule nitafukuka."

"Mnunuzi anakuja asubuhi hii hii," Meneja akasema kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo twende, mama, kabla hajafika. Usijidhalilishe mbele ya watu."

Akamshika kiwiko, taratibu kama ashikavyo mtu sahani ya mgeni, akageuka naye kuelekea kwenye gari.

Gari halikuwa na magurudumu.

Lilikuwa limekaa juu ya mawe manne kama kuku anayeatamia. Boneti wazi. Magurudumu yameegemezwa ukutani kwa mpangilio mzuri, na Fundi Breki mwenyewe amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Nini hii?" Meneja akasema. Kisha akapaza sauti mpaka njiwa wakaruka: "Nini hii?"

Fundi Breki akajivuta nje, uso mweusi kwa mafuta, akitabasamu.

"Umefanya vizuri kuja mapema. Breki za nyuma zimekwisha kabisa. Ungeteremka nazo Mlimani siku ya mvua, tungekusoma gazetini."

"Nani kakuambia uguse gari langu?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Funguo uliweka wapi?"

Meneja akatazama juu ya paa. Akatazama mkono wake mtupu. Alifumba macho, na mtaa mzima ukaona jinsi alivyokumbuka.

"Ala!" Fundi Breki akasema, naye sasa ndiyo anaelewa. "Kumbe ulisahau? Wewe, mwana wa Bi Brashi? Wewe uliyezaliwa chumba hicho hapo?"

Basi hapo hakuna aliyejizuia tena. Karakana ilicheka. Mchomeleaji alicheka na barakoa yake usoni, fundi rangi alicheka mpaka akakosea mstari. Wifi alicheka akisahau kwamba nyumba imeuzwa yeye akiwa ndani. Bi Brashi alishika ukuta kwa mikono miwili, nyonga ikimuuma kwa kicheko, akawa hana namna ila kuendelea kucheka.

"Rudisha magurudumu," Meneja akasema akiwa amevimba.

"Magurudumu haya hapa. Lakini breki zimekwenda kuchongwa mtaa wa pili."

"Zitarudi saa ngapi?"

"Zikishachongwa."

Meneja akaketi juu ya tairi mojawapo. Shati lake jeupe likagusa mafuta, wala hakulifuta.

"Leo umekuwa mgeni wetu," mama yake akamwambia. "Karibu Karakana."

Mzaha ule haukudumu. Kutoka mwanzoni mwa kichochoro walikuwa wanakuja watu wawili kwa miguu. Wa mbele alikuwa dalali, akipunga kofia kuwaondoa njiani watu wasiokuwepo. Nyuma yake mwanamke mrefu, miwani ya jua, mtandio umefunika mpaka kidevu, akivuta sanduku la magurudumu lililogonga kila jiwe la njia.

"Bosi!" dalali akamwita Meneja kwa mbali. "Mnunuzi wetu huyu hapa. Mtu wa maneno machache, lakini wa vitendo!"

Meneja akasimama, akalifunga koti kuficha doa, akavaa tabasamu la ofisini. Bi Brashi naye akajitupa mlangoni, akasimama katikati ya kizingiti, mkono huu ubao wa mlango, mkono huu ubao wa pili.

"Mama mnunuzi," akasema kabla hajasalimiwa, "umenunua nyumba yenye mtu. Kama hukuambiwa, mlaumu dalali wako. Mimi sitoki."

Mwanamke yule akaacha sanduku. Akavua miwani.

Tabasamu la Meneja likafa usoni.

"Wewe?"

Alikuwa mke wake.

Mkwe wa Bi Brashi! Yule mpole wa Mlimani, ambaye alfajiri ya leo alimkuta mama mkwe akipanda gari la gesi, akageuka kuangalia maua kana kwamba hakuona. Mwanamke aliyeweza kukaa mezani tangu supu mpaka matunda bila kusema zaidi ya "asante".

"Karatasi zote nilimwachia dalali, akaniambia mnunuzi ni mama mmoja mtulivu," Meneja akasema kwa shida.

"Si ndivyo unavyonisifia kwa wageni? Mke wangu mtulivu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimenunua kwa urithi wa baba yangu. Nyumba ni yangu, na nimehama."

"Umehama kutoka wapi?"

"Kwako."

Hakuna nyundo iliyogonga. Karakana nzima ilikuwa imeacha kazi, jambo ambalo halijatokea hata siku umeme ulipokatika.

"Nimekukosea nini? Nimekupiga? Nimekunyima?"

"Hujanipiga, hujaninyima. Hujanisikia tu. Nilikwambia nataka kufanya kazi, ukanijengea bustani. Nilikwambia usiku ule wa Mlimani unanitisha, ukaongeza ukuta. Nilikwambia usiiuze nyumba ya mama, ukaniuliza chai iko wapi. Nikaona huyu hataelewa kwa maneno." Akamgeukia Bi Brashi, akapiga magoti nusu kama afanyavyo siku zote. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bi Brashi akasema akishusha mikono, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakujua acheke au alie.

"Sikuinunua ili nikutoe. Kaa mpaka uchoke. Andika malori yako, panda ngazi, kohoa rangi, sitakuzuia. Shangazi naye akae. Mimi nitalala hata jikoni. Lakini nina sharti moja."

"Sharti?"

"Mwanao asikanyage kizingiti hiki. Si leo, si sikukuu, si siku anaumwa, si siku analia. Akibisha, usimfungulie. Ukikubali, nyumba ni yako kama zamani."

"Kubali!" Wifi alimvuta nguo, sasa yuko ndani, nyuma ya mgongo wa Bi Brashi. "Wifi, kubali upesi! Si ndicho ulichotaka? Amekuuza huyo!"

Mkwe akapita pembeni yake, akaingiza sanduku, akasimama ndani akingoja jibu.

Bi Brashi akamtazama mwanawe. Alitegemea abishe, apige kelele, amwite mtu wa sheria. Meneja hakufanya lolote katika hayo. Alikuwa amesimama kati ya magurudumu yake, mafuta kiunoni, mikono haijui iende wapi.

"Ingia, mama," akasema. "Usinijali. Ulitaka kwako. Ingia."

Alisema kweli, wala hakuwa anajionyesha. Hapo ndipo roho ya Bi Brashi ilipopasuka, maana mwana aliyemkasirikia tangu alfajiri alikuwa mwepesi kumkasirikia, na huyu hakuwa huyo tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Mkwe wangu," akasema bila kugeuka, "umeumizwa, na hasira yako nakupa haki yake yote. Ningekuwa wewe ningehama zamani. Lakini mimi nimemkimbia mtu aliyenichagulia pa kukaa. Sikukaa katikati ya mitungi ya gesi nije nimpate mwingine wa kunichagulia nani nimfungulie mlango."

"Mama, fikiri kwanza."

"Nimefikiri miaka sabini."

Wifi akamnong'oneza, "Usifanye ujinga, wee!"

Bi Brashi akachukua begi lake la makopo. Akashika kitasa kipya, kile kilichoukataa ufunguo wake, akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote mpaka vumbi likadondoka kutoka juu.

Wifi alikuwa ndani. Mkwe alikuwa ndani. Bi Brashi alikuwa nje.

Akashuka baraza hatua kwa hatua, akafika mbele ya mwanawe, akamkabidhi begi.

"Haya, Meneja," akasema. "Gari huna, mke huna, nyumba umeuza. Mimi nina wewe na makopo ya rangi. Mlimani sirudi, usianze. Ghorofani sipandi. Wewe si ndiye unayejua mtaa upi unamfaa nani katika mji huu? Haya nichagulie. Mimi na wewe leo tunalala wapi?"